Kranki ya baiskeli ya chuma: Tazama uimara kabla ya mng'aro

WAPO wakazi wa mijini ambao siku hizi huzitoa stoo baiskeli za chuma walizoachiwa na wazee wao, wakazisugua kutu na kuzirudishia sura ya zamani. Katika kazi hiyo, kifaa kinachovuta macho kuliko vyote ni kranki, yaani mikono miwili inayoshika pedali pamoja na gurudumu la meno linalovuta mnyororo.

Lakini wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Katika vijiji vya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, kikiwamo Kikole, kijiji kinachojulikana kwa msitu wake wa mpingo uliopata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora mwaka 2009, baiskeli si pambo. Hubeba ufuta, korosho, madumu ya maji, na pengine mgonjwa. Kranki ikilegea njiani, safari imekwisha. Kwa hiyo anayetafuta sura ya kizamani hana budi kufikiri kama msafiri wa Kikole.

Jambo la kwanza ni kujua ekseli iliyomo ndani ya fremu. Baiskeli nyingi za zamani, zikiwamo Raleigh za Uingereza, Hero za India na Phoenix za China, zina ekseli ya duara, na kila mkono hushikwa na pini yenye umbo la kabari. Kranki nyingi za aluminiamu zilizokuja baadaye zina tundu la pembe nne. Aina hizi mbili haziingiliani. Anayetaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni lazima abadili na ekseli.

Hapo napo pana mtego. Fremu nyingi zenye vipimo vya Kiingereza zina hesi 24 kwa kila inchi, lakini Raleigh nyingi za zamani zina hesi 26. Kikombe cha gololi kisicho chake kikilazimishwa kuingia, hesi za fremu huharibika, na hasara yake huzidi bei ya kranki yenyewe. Njia salama ni kwenda dukani na kifaa cha zamani mkononi, kikalinganishwe.

Pili ni pini. Zipo za unene wa milimita 9.5 na za milimita 9, na tofauti hiyo ndogo yatosha kuufanya mkono ucheze. Wakati wa kuigonga pini, mkono wa kranki uegemezwe kwenye kipande cha bomba au gogo, la sivyo kishindo huishia kwenye gololi. Nati haikuwekwa ili kuivuta pini, bali kuizuia isirudi. Baada ya mwendo mfupi ikazwe tena.

Tatu ni idadi ya meno. Gurudumu la meno 48 mbele na 18 nyuma huizungusha tairi mara 2.67 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa tairi ya inchi 28, hiyo ni karibu mita 6. Meno 44 kwa 22 huizungusha mara 2 tu, karibu mita 4.5. La kwanza lafaa barabara ya lami iliyonyooka. La pili humwokoa mwenye mzigo kwenye mchanga na vilima.

Mwisho ndipo huja sura. Mikono myembamba ya chuma iliyopakwa kromu, na gurudumu la Raleigh lililochongwa kichwa cha korongo, ndivyo alama za enzi hiyo. Hata hivyo, katika miji ya pwani chumvi ya hewani hula chuma mara kromu inapobanduka. Aluminiamu iliyong'arishwa huvumilia zaidi, ingawa ikipata ufa haitengenezeki, ilhali chuma kilichopinda fundi anaweza kukinyoosha.

Kabla ya kulipa, zungusha gurudumu la meno ukilitazama kwa juu: likiyumba, limepinda. Angalia na meno yenyewe: yakiwa yamechongoka kama ya papa, yamekwisha, hata kama kromu yake bado inang'aa kama kioo.