Gitaa la Besi kwa Mtoto: Tupime Mkono Kwanza

Tangu kwaya za watoto katika baadhi ya makanisa yetu ya Masasi na Newala zianze kuimba kwa vyombo, kuna swali ambalo limekuwa likitufikia mara kwa mara, hasa majira ya korosho: "Mwanangu ana miaka minane, ameng'ang'ania gitaa la besi. Nimnunulie lipi?" Wengine huuliza kwa furaha. Wengine huuliza kwa wasiwasi, maana kwa watu wengi gitaa zito ni chombo cha watu wazima, tena watu wazima wa dansi. Mwezi huu tumeona tulizungumze, kwa kuwa linagusa fedha ya nyumbani na pia afya ya mtoto.

Wasiwasi wa dansi tuuondoe mapema. Kanisa la huku kwetu limezoea maswali ya namna hii. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, anakumbukwa hadi leo kwa sababu hakulitupa jando. Alilichukua akalipa sura ya Kikristo. Kama jando lilipata nafasi, hatudhani kwamba nyuzi nne zitatushinda. Na kijana Daudi, tunayemsoma katika Samweli wa Kwanza sura ya 16, aliitwa kwa mfalme kwa sababu ya kupiga kinubi. Isitoshe, mtoto aliyekulia kwenye uwanda wa Makonde akisikia sindimba anaijua tayari kazi ya sauti nene. Besi katika kwaya hufanya kazi ile ile ya ngoma kubwa, ya kuwashika wenzake wasikimbie wala wasizubae. Tunaposema mtoto hatumaanishi wa kiume peke yake. Wasichana wanaotuuliza ni wengi, na vidole havina jinsia.

Tatizo lililo mbele yetu ni ukubwa wa chombo. Gitaa la besi la kawaida lilitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Lile lililoleta kipimo kinachofuatwa hadi leo ni la Leo Fender wa Marekani, mwaka 1951, na uzi wake unaolia, yaani kuanzia kidaraja cha chini hadi kile kipande cha mfupa au plastiki kilichoko juu shingoni, una urefu wa inchi 34, sawa na sentimita 86. Uzito wake mara nyingi ni kilo nne hivi. Mvalishe mzigo huo mtoto wa kilo 25 begani, Jumapili nzima na mazoezi ya Jumamosi, halafu umwangalie anavyoinamia upande mmoja.

Mvulana mmoja wa miaka minane, katika mtaa mmoja wa huku juu, alipewa gitaa kubwa la kwaya kwa sababu mpigaji alikuwa amehama. Baada ya wiki tatu mama yake alimleta kwetu. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kinauma, vidole viwili vilikuwa na ganzi usiku, na mtoto alikuwa amekataa kwenda kanisani. Nyumbani walikuwa wameanza kusema amerogwa. Tulipomwomba atuonyeshe anavyoshika gitaa, tulimwona akikunja kifundo mpaka mwisho ili kidole kidogo kifike kwenye uzi mnene. Hapakuwa na mchawi pale. Alipumzishwa mkono mpaka maumivu yakaisha, kisha akaanza upya na chombo cha saizi yake. Sasa anapiga, na kanisani haachi kwenda.

Basi kabla ya kuuliza bei, chukua futi ya fundi cherehani. Mwambie mtoto apanue mkono wa kushoto juu ya meza bila kujilazimisha, upime kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi ncha ya kidole kidogo. Katika gitaa la inchi 34, kutoka chuma cha kwanza cha shingoni hadi cha nne ni takriban sentimita 13. Katika gitaa fupi la inchi 30 ni kama 11 na nusu. Yapo pia madogo zaidi ya inchi 28 na nusu hivi, kama Ibanez iitwayo miKro, ambayo hayafiki 11. Mwalimu mzuri humfundisha mtoto kusogeza mkono badala ya kuupasua, kwa hiyo si lazima vidole vifike kabisa, lakini tofauti ya sentimita mbili kwa mkono wa miaka minane ni kubwa mno. Kwa maoni yetu, mtoto wa chini ya miaka 12 asinunuliwe la inchi 34, hata kama baba anasema atalikulia. Sare ya shule hukulia mwilini; gitaa humwumiza mtoto leo, na kesho halitaki tena.

Wala msidhani gitaa fupi ni mchezo wa watoto. Paul McCartney wa Uingereza alinunua Höfner yake ya inchi 30 mjini Hamburg mwaka 1961, akapigia nyimbo zilizosikika dunia nzima.

Ugumu ni kwamba wengi wetu hatumpeleki mtoto dukani. Gitaa huagizwa kwa mjomba aliyeko Dar es Salaam, naye huenda Kariakoo akanunua lile linalong'aa, likaja kwa basi. Tufanye kama tulivyozoea kufanya kwa viatu, tunapokata kijiti cha urefu wa mguu tukakituma mjini. Kata kamba ya sentimita 76, ambazo ni zile inchi 30, mpe mjomba. Akiwa dukani ailaze kwenye uzi, toka kidaraja hadi juu. Ikipungukiwa, gitaa hilo ni refu, alirudishe. Halafu alitazame shingo kwa jicho moja kama fundi anavyotazama ubao, isiwe imepinda. Abonyeze kila uzi kwenye kila chuma. Unaokwaruza au unaohitaji nguvu nyingi utamtesa mtoto.

Na kama fedha haipo? Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, tena kwa kungoja mnada na chama cha msingi, na ikifika inakuta Januari ya shule mlangoni. Tunasema wazi: daftari na sare kwanza. Mtoto anaweza kuanza na gitaa dogo la kawaida lisilotumia umeme. Nyuzi zake nne nene ni E, A, D na G, sawasawa na za besi, ila sauti iko juu zaidi. Ziondoe zile mbili nyembamba, afundishwe nafasi zote hapo kwa mwaka mzima. Ndivyo alivyofanya yule mvulana. Au wazazi wa kwaya ya watoto wachange wanunue moja fupi la kanisa, likae kwa zamu.

Spika kubwa isiwe na haraka. Besi isiyounganishwa hulia kidogo, lakini katika chumba kimya mtoto hujisikia, na majirani hushukuru. Msiunganishe kwenye sabufa ya sebuleni, inaweza kupasuka. Siku ya kuunganisha ikifika, mtoto avae viatu, sakafu iwe kavu, na plagi iwe na waya wa ardhi, kwa sababu anashika nyuzi za chuma na mara nyingine mdomo uko kwenye maikrofoni.

Masikio nayo tuyaangalie. Chembe za sikio la ndani zikifa kwa kelele hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda zaidi muda upungue. Hatuna mashine ya kupimia, lakini mtu akilazimika kupiga kelele ili asikiwe na aliye umbali wa mkono mmoja, sauti imezidi. Mtoto asiketi mbele ya spika. Akisema masikio yanalia baada ya ibada, tusimwambie ni uchovu.

Mazoezi yawe dakika kumi hadi kumi na tano kwa siku, akiwa ameketi, nyayo zote mbili chini, mkanda begani. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo, hilo ni la kawaida. Ganzi, au maumivu ya kifundo yasiyokwisha kesho yake, si ya kawaida: apumzike, na asipopata nafuu aletwe zahanati. Akimaliza kupiga afute nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana jasho na ukungu wa Newala huleta kutu. Gitaa lisiegemezwe chini ya bati penye joto. Mfuko wake si lazima kununua. Kitenge cha zamani na kipande cha godoro jembamba vinatosha, na fundi wa jirani atashona kwa siku moja.