Umepasuliwa goti? Tulia nyumbani, na bunduki iachie fundi wake

Umetoka hospitalini juzi. Goti limefungwa bendeji nene, mikongojo imeegemezwa ukutani, na daktari amekuandikia wiki sita za kukaa nyumbani. Siku ya kwanza ni ya usingizi. Siku ya pili ni ya wageni na chai. Ifikapo siku ya tano, msomaji, umekwisha kuchoka kutazama dari. Kichwa ni kizima, mikono ni mizima, ni mguu tu ulio likizoni.

Hapo ndipo mtu huanza kutafuta cha kufanya. Kuna redio iliyonyamaza tangu mwaka jana. Kuna pasi isiyopata moto. Na kwa wachache walio na leseni, kuna ile bastola au bunduki iliyofungiwa ndani ya sefu, ambayo kwa muda mrefu mwenyewe amekuwa akisema ataifungua na kuirekebisha akipata nafasi. Sasa nafasi imepatikana.

Makala haya yanahusu mambo hayo mawili: jinsi ya kulitunza goti lililopasuliwa ukiwa nyumbani, na kazi ambazo mikono yako haifai kuzigusa wakati huo.

GOTI LAKO LILIPASULIWA NINI?

Hapa Eldoret magoti huumia kwa njia nyingi. Kuna wanariadha wanaokimbia kila alfajiri katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Kuna vijana wa kandanda na raga. Kuna abiria na waendeshaji wa bodaboda. Kuna pia wazee ambao gegedu la goti limelika baada ya miaka mingi ya kazi ya shamba. Wote husema "nilifanyiwa operesheni ya goti", lakini operesheni hizo si moja, na muda wa kupona si mmoja.

Ya kwanza na nyepesi ni ile ya kuondoa kipande cha gegedu kilichochanika. Daktari hupitisha darubini nyembamba kupitia matundu madogo, na wagonjwa wengi hutembea siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini gegedu likishonwa badala ya kukatwa, huenda ukakatazwa kukunja goti sana au kulikanyagia kwa wiki nne hadi sita.

Ya pili ni ya kutengeneza kano ya ndani ya goti iliyokatika. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mguu na kukipandikiza. Hii ndiyo inayohitaji subira kubwa.

Ya tatu ni kubadilishwa goti zima, ambayo wengi wanaofanyiwa ni wazee. Mifupa iliyolika hufunikwa kwa chuma na plastiki ngumu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba karibu magoti 82 kati ya 100 ya aina hii hudumu miaka 25. Kwa hivyo hiyo ni mali ya kutunzwa.

Basi kabla hujaondoka hospitalini, iwe ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi au zahanati ya kibinafsi, uliza maswali matatu: Nilifanyiwa nini hasa? Naruhusiwa kukanyagia mguu kiasi gani? Naruhusiwa kukunja goti hadi wapi? Mwombe daktari akuandikie majibu. Usifuate maagizo ya jirani aliyepasuliwa mwaka juzi, kwani huenda yake ilikuwa operesheni nyingine kabisa.

MFANO WA JOAN BENOIT

Wakimbiaji wana haraka, na wana mfano wa kuitetea haraka yao. Mwaka wa 1984 Mmarekani Joan Benoit alipasuliwa goti Aprili 25. Siku 17 baadaye alikimbia mbio za marathoni za kuchagua timu ya Marekani, akashinda. Agosti 5 mwaka huo huo, mjini Los Angeles, alishinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika historia ya Olimpiki.

Ni habari ya kweli, lakini isikudanganye. Yake ilikuwa operesheni ndogo ya darubini, wala hakupandikizwa kano mpya. Kano iliyopandikizwa haiwi imara siku inaposhonwa. Kwa wiki za mwanzo huwa inadhoofika kwanza, ndipo mwili uanze kuijenga upya. Mtu anaweza kuhisi amepona mwezi wa tatu, maumivu yameisha na uvimbe umeshuka, ilhali kano ndani bado ni changa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mtu aliochelewa kurudi michezoni, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa mkimbiaji anayetegemea miguu kulipa karo ya watoto, miezi tisa ni mirefu. Lakini operesheni ya pili ni ndefu zaidi.

WIKI ZA KWANZA NYUMBANI

Kosa la kwanza ni kufanya mengi mno. Kosa la pili, ambalo wengi hawalijui, ni kutofanya lolote. Misuli ya paja hunyauka upesi mno goti linapolala. Hizi hapa kanuni ambazo hufaa wagonjwa wengi, mradi daktari wako hajakukataza:

- Inua mguu juu zaidi ya kifua unapolala, mara kadhaa kwa siku, ili uvimbe ushuke.

- Weka mto chini ya kisigino, si chini ya goti. Mto chini ya goti una raha, lakini goti likizoea kukaa limekunjika, kulinyoosha baadaye ni kazi kubwa, na asiyeweza kunyoosha goti atachechemea.

- Tumia barafu dakika 15 hadi 20 kwa wakati mmoja. Kama huna barafu ya duka, gandisha maji ndani ya chupa. Izungushie taulo, usiweke barafu juu ya ngozi tupu.

- Kila saa ukiwa macho, pandisha na kushusha vidole na wayo mara kumi au ishirini. Zoezi hili dogo husukuma damu isigande miguuni.

- Kaza misuli ya paja ukihesabu hadi tano, kisha legeza. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuongezea mengine. Usikose miadi yake kwa sababu "mguu unaendelea vizuri".

- Kula vizuri. Maharagwe, mayai, maziwa, mursik, samaki na nyama husaidia mwili kujenga nyama mpya. Sigara huchelewesha kidonda kufunga.

Usikubali goti likandwe kwa nguvu na mkandaji wa kienyeji wiki hizi, hata akiwa ni shangazi yako mwenye mikono ya sifa. Kidonda kinaweza kufunguka, na kama kuna damu iliyoganda ndani, kukanda kunaweza kuisafirisha hadi mapafuni. Dawa za majani pia zisipakwe juu ya nyuzi.

CHOO, MATOPE NA BODABODA

Vijitabu vingi vya hospitali huandikwa kama kwamba kila mgonjwa ana choo cha kukalia. Katika mitaa kama Langas na Huruma, na katika mashamba yanayouzunguka mji, wengi hutumia choo cha shimo. Kuchutama ni jambo ambalo goti lililopasuliwa haliwezi kwa wiki nyingi. Mpe seremala kiti cha mbao akikate tundu katikati, kikae imara juu ya shimo. Ni kazi ya saa chache, na ni afadhali ifanywe kabla ya siku ya operesheni.

Mvua ikinyesha, mikongojo huteleza. Kagua mipira iliyo chini yake. Ikiisha meno, nunua mipya. Kwenye ngazi kumbuka hivi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na mikongojo. Bodaboda iwe mwiko hadi daktari akuruhusu. Ukilazimika kusafiri, omba kiti cha mbele ambapo mguu utanyooka, na usijaribu kuendesha gari mwenyewe kabla ya kuruhusiwa.

Anayekama ng'ombe asirudi haraka kwenye kigoda kifupi. Mtoto au jirani akame kwa muda.

MIKONO ISIYOTULIA

Sasa turudi kwenye ile redio. Kazi za mikono ni nzuri kwa mgonjwa. Hupitisha siku na kumsahaulisha maumivu. Kaa kwenye kiti kirefu, mguu umenyooshwa juu ya stuli, kazi iwe mezani mbele yako. Usichutame wala kukaa chini kama fundi wa Jua Kali. Kila baada ya dakika 45 simama, tembea kidogo, kisha rudi. Shona, suka kikapu, chambua maharagwe, panga hesabu za duka. Redio na pasi zirekebishwe zikiwa zimetolewa kwenye umeme.

Bunduki si miongoni mwa kazi hizo. Mji huu una kiwanda cha serikali kinachotengeneza risasi, lakini kuishi jirani na kiwanda hakumfanyi mtu kuwa fundi. Sababu ni nne.

Kwanza ni sheria. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inataka biashara ya kuunda, kuuza au kukarabati silaha ifanywe na aliyesajiliwa. Anayemiliki kwa leseni hupewa silaha ailinde na kuihifadhi salama. Rafiki akikuletea yake "uiangalie kidogo kwa kuwa uko nyumbani", anakutia mashakani.

Pili ni dawa. Dawa kali za kutuliza maumivu, kama vile tramadol, huleta usingizi na kizunguzungu. Mtu huona yuko sawasawa ilhali umakini umepungua. Ukiongeza pombe, hatari huwa maradufu, hata bila bunduki. Ajali nyingi hutokea kwa silaha ambayo mwenyewe ameapa kwamba haina risasi. Magazini ikitolewa, risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba. Kumbuka pia kwamba huwezi kuruka upesi mtoto anapoingia sebuleni na kunyakua kitu mezani.

Tatu ni sumu. Lugha yetu imeliita lile dini zito "risasi", na neno hilo linatosha kuonya. Masizi yanayobaki ndani ya mtutu huwa na madini hayo. Ukisugua silaha mezani, unga wake hukaa vidoleni, kwenye kitambaa cha meza na hatimaye kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo unaokua. Na mvuke wa vimiminika vya kusafishia, ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi ya Eldoret, huumiza kichwa na mapafu.

Ya nne ndiyo nzito kupita zote, na watu huionea haya. Mwanamume aliyezoea kutoka asubuhi na kurudi na chochote mkononi, akikaa wiki sita bila kazi, bila usingizi, na maumivu yasiyokwisha, anaweza kuingiwa na huzuni ya kukata tamaa. Wengi hupita salama. Lakini katika saa mbaya, silaha iliyo karibu hugeuza wazo la dakika moja kuwa msiba usiorudishwa. Ukiona hamu ya chakula imepotea, hutaki wageni, au unawaza kwamba jamaa wangekuwa heri bila wewe, mwambie mkeo, ndugu au daktari siku hiyo hiyo. Nawe jamaa wa mgonjwa, ukiona dalili hizo, usingoje aseme mwenyewe.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda kupasuliwa, hakikisha silaha iko tupu na imefungiwa, na risasi zimefungiwa mahali pengine. Ukiwa na hofu yoyote, zungumza na kituo cha polisi ihifadhiwe huko hadi upone. Ikiwa ina hitilafu, itasubiri. Mpelekee fundi aliyesajiliwa ukiweza kutembea. Askari na polisi wa akiba warudishe silaha kazini kabla ya likizo ya ugonjwa.

DALILI ZA KUKIMBIZWA HOSPITALINI

Rudi hospitalini bila kungoja siku ya miadi ukiona mojawapo ya haya:

- Shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma. Huenda damu imeganda.

- Kifua kinabana, pumzi inakatika ghafla, au unakohoa damu. Hii ni dharura, usingoje asubuhi.

- Kidonda kinatoa usaha, kimekuwa chekundu na wekundu unaenea, au una homa na kutetemeka.

- Vidole vya mguu vimekufa ganzi, vimekuwa baridi au vimebadilika rangi.

- Maumivu yanaongezeka kila siku badala ya kupungua.

Dawa za maumivu zimeze kama ulivyoandikiwa, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo amwambie daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huvichokoza. Usijiongezee nyingine kutoka dukani.

Goti halina njia ya mkato. Lipe mazoezi yake, lipe barafu yake, lipe na miezi yake. Redio ikipona kabla yako, vyema. Utakuwa na taarifa ya habari ya kusikiliza mguu ukiwa juu ya stuli. Ile nyingine ibaki kwenye sefu.