Kambi Kando ya Ziwa: Pangeni Mapema, Mlale kwa Amani

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vinapenda kufunga mwaka kwa safari ya pamoja. Wengine wanaenda kuona mradi wa wenzao, wengine wanataka tu kupumzika baada ya kazi ya shamba. Nyumba za wageni ni ghali kwa kikundi kizima, na hapo ndipo wazo la kulala kwenye hema linapokuja. Ni wazo zuri. Mtapika wenyewe, mtaota moto pamoja, na watoto wataona ndege na wanyama ambao wamewasikia tu.

Lakini kambi ya kando ya ziwa sio kama kulala uwanjani kwa shule. Neno letu kubwa ni moja: msichague pahali pa kulala kwa macho. Pahali penye kupendeza zaidi ni ukingoni mwa maji, na mara nyingi hapo ndipo penye hatari zaidi. Tutaeleza kwa kutumia maziwa mawili ya Bonde la Ufa ambayo yana kambi za wageni: Naivasha na Baringo.

Ziwa gani?

Naivasha iko karibu na wengi. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, na barabara ya kusini ya ziwa ina kambi kadhaa chini ya migunga. Karibu hapo kuna mbuga ya Hell's Gate, ambapo wageni wanaruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli. Lakini Naivasha iko juu, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari. Usiku ni baridi kweli kweli. Blanketi moja haitoshi, hasa kwa wazee na watoto.

Baringo iko mbali zaidi, kaskazini ya Nakuru, na iko chini, kama mita 1,000. Huko mchana ni joto kali na mbu ni wengi. Kila mtu abebe neti. Tena Baringo ina mamba pamoja na viboko, kwa hivyo hakuna kuoga ziwani, hata kama mnaona watoto wa huko wakiingia majini.

Wakati pia ni muhimu. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba. Wengi huenda wakati wa likizo ya Agosti, kwani watoto wako nyumbani na mvua sio nyingi. Mkienda Desemba, bebeni turubai la ziada.

Maji yalifika wapi?

Maziwa haya hayakai pahali pamoja. Mwaka 2009 Naivasha ilikuwa imerudi nyuma sana, watu wakalisha mifugo pahali palipokuwa maji. Miaka iliyofuata mvua ilizidi na maziwa ya Bonde la Ufa yakapanda. Kufikia 2020 maji ya Naivasha yaliingia mtaa wa Kihoto na watu wakahama. Kule Baringo maji yalifunika nyumba, shule, mahoteli na hata sehemu za kambi.

Kwa hivyo picha nzuri ya kambi mliyoonyeshwa inaweza kuwa ya miaka mingi iliyopita. Mkipiga simu, ulizeni hivi: "Mwaka 2020 maji yalifika wapi? Leo yako wapi? Vyoo viko upande gani wa maji?" Mwenye kambi mzuri atawajibu bila kuzunguka. Ikiwezekana, tumeni watu wawili waende kuangalia kabla ya kulipa. Nauli ya watu wawili ni kidogo kuliko hasara ya watu ishirini.

Kiboko ana njia yake

Mchana kiboko hukaa majini. Jua likitua, yeye hutoka kwenda kula nyasi, na anaweza kula kama kilo 40 kwa usiku mmoja. Hufuata njia zile zile, na hurudi majini kabla ya kupambazuka. Mtu akimwona vile alivyo mnene anafikiri ni mzito wa kukimbia. Sivyo. Kiboko hukimbia kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa saa, na hakuna mtu kati yetu atakayemshinda mbio.

Hasira yake kubwa huja akiona njia ya kurudi majini imezibwa. Agosti 2018 mtalii mmoja kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Naivasha alipokuwa akipiga picha. Wavuvi na wakulima wa pale wamepoteza watu wao pia, mara nyingi jioni au alfajiri. Tena maji yakipanda, nyasi za ukingoni zinafunikwa, na viboko wanasogea karibu zaidi na makao ya watu.

Basi shikeni sheria hizi:

1. Chagueni kambi yenye uzio, na muulize kama ni wa umeme, unawashwa saa ngapi na nani anauangalia. Waambieni watoto wasiuguse.

2. Hema zote ziwe ndani ya uzio, mbali na njia za viboko. Njia utaijua: ni kama mfereji katika nyasi, na mavi yametapakaa kando.

3. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi jua lichomoze vizuri, mtu asiende ukingoni. Hata kuosha sufuria, hapana.

4. Mkimwona kiboko nchi kavu, msisimame kati yake na maji. Msimkaribie, msimpige mawe, msimmulike machoni kwa mchezo. Rudini nyuma polepole na muite mlinzi.

5. Kwenda choo usiku ni watu wawili na tochi. Kwa akina mama, wazee na watoto, ni afadhali kuwa na ndoo yenye kifuniko ndani ya hema. Jambo hili watu huona haya kulitaja kwenye mkutano. Litajeni.

Mkitaka kupanda mashua, pandeni asubuhi. Kule Naivasha upepo huvuma mchana na mawimbi huinuka. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, na kama jaketi hazitoshi, wengine wangoje zamu yao. Msikubali kuambiwa ati "ni hapa karibu tu."

Jiko lisiingie hemani

Kwa baridi ya Naivasha, mtu anaweza kushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya hema. Jameni, hapana! Makaa yakiwaka hutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haionekani na haina harufu. Mtu analala na haamki. Hata makaa yanayoonekana kama yamekufa bado yanaitoa. Ongezeni blanketi, vaeni soksi, tandikeni gunia au kartoni chini ya godoro. Jiko na moto vibaki nje, na vizimwe kwa maji kabla ya kulala.

Maji ya kunywa yatoke bombani au mbebe kwa mitungi. Ya ziwa msinywe. Maji ambayo hamjui yalikotoka, yachemsheni au myatie dawa ya maji. Chakula kifungwe vizuri, kwani nyani na tumbili hawajui chakula cha kikundi ni cha nani. Takataka zote rudini nazo au mziweke pahali mtakapoonyeshwa. Na mkiingia mbuga ya serikali kama Hell's Gate, kumbukeni kwamba tangu Juni 2020 chupa za maji na sahani za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa huko.

Hesabu ya pesa

Hapa ndipo vikundi huvunjika. Tuchukue mfano wa watu 20, usiku mbili. Bei hizi ni za mfano tu. Nyinyi wekeni zile mtakazoambiwa.

Gari kwenda na kurudi: sh. 16,000
Ada ya kambi, sh. 700 kwa mtu kwa usiku: sh. 28,000
Kukodi hema 5 za watu wanne, sh. 1,000 kila moja kwa usiku: sh. 10,000
Chakula: sh. 16,000
Kuni na maji: sh. 3,000
Jumla: sh. 73,000
Akiba ya dharura, sehemu moja ya kumi: sh. 7,300
Jumla kuu: sh. 80,300

Ukigawa kwa watu 20 ni sh. 4,015 kila mmoja. Kwa ghafla ni nyingi, lakini mkianza miezi sita mapema, ni sh. 170 kwa wiki kwa wiki 24. Iandikeni kwenye kitabu chake, mbali na pesa za mikopo na za mzunguko. Safari isile mtaji wa kikundi. Asiyeweza kwenda asilazimishwe, na asidharauliwe.

Kabla ya kutuma pesa, hakikisheni kambi ipo kweli. Lipeni kwa nambari ya biashara ya kambi, sio kwa simu ya mtu binafsi, na mweka hazina aweke risiti.

Kila mtu na kazi yake

Chagueni mtu mmoja wa kila kazi: wa gari, wa jikoni, wa dawa, wa watoto, na wa usiku. Huyu wa usiku ndiye anayehesabu watu saa mbili na kuhakikisha moto umezimwa. Apewe filimbi na tochi nzuri. Wa dawa aandike ni nani ana pumu, kisukari au presha, na aulize mapema hospitali ya karibu iko wapi na gari litapatikanaje usiku. Nambari za dharura ni 999 na 112. Majina ya wote waendao yaachwe nyumbani kwa katibu au kwa mzee wa kijiji.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni nani wawili tunaoweza kuwatuma kuangalia kambi?
2. Katika kikundi chetu, ni nani atapata shida na baridi, joto au giza, na tutamsaidiaje?
3. Mvua ikinyesha usiku wa kwanza, tutafanya nini?
4. Kijana akikataa sheria ya kutoenda ukingoni usiku, ni nani atamwambia, na kwa maneno gani?

Mkiweza kujibu maswali haya manne bila kubishana, basi mko tayari kufunga mizigo. Safari njema.