Orodha Ndani ya Orodha

Kompyuta ni mtumishi mtiifu: hutenda neno aliloamriwa, wala hajui lililokusudiwa moyoni. Jambo hili huonekana wazi katika Python, lugha ya kuziamuru kompyuta, iliyotungwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mwaka 1991.

Mfano wake ni huu. Mwuguzi ana watoto watatu wa kupimwa uzito kila mwezi, kwa muda wa miezi mitatu. Ataka orodha moja kubwa, na ndani yake orodha ndogo tatu, kila mtoto na yake. Basi aandika hivi:

uzito = [[0] * 3] * 3

Nyota ni alama ya kuzidisha. Atazama, aona safu tatu za sifuri, naye aridhika. Siku ya kupima, mtoto wa kwanza ana kilo 7. Kwa kuwa Python huanza kuhesabu kwa sifuri, aandika:

uzito[0][0] = 7

Lo! Ile 7 imeonekana katika safu zote tatu. Mtoto wa pili ana kilo 9. Mwuguzi aandika uzito[1][0] = 9, na mara ile 7 imefutika; sasa watoto wote wana kilo 9. Hatari ni kubwa, maana dawa nyingi za watoto hupimwa kwa uzito wa mwili.

Sababu ni nini? Nyota ya pili haikufanya orodha ndogo mpya, bali iliitaja orodha ndogo ile ile mara tatu. Ni kama chumba kimoja chenye milango mitatu: aingiaye kwa mlango wowote hukuta vyombo vile vile, na akiondoa kiti, kimeondoka kwa wote. Nyota ya kwanza haina madhara, kwa kuwa sifuri yenyewe haibadiliki. Huondolewa, na namba nyingine huwekwa mahali pake.

Njia iliyo sawa ni kuiamuru kompyuta ijenge orodha mpya kwa kila mtoto:

uzito = [[0] * 3 for mtoto in range(3)]

Atakaye hakika na aulize: uzito[0] is uzito[1]. Jibu likiwa True, safu hizo ni kitu kimoja. Likiwa False, ni mbili mbalimbali.

Kufanana si kuwa kimoja. Kwa hiyo mwenye busara haiamini orodha kwa kuitazama tu. Hubadili neno moja kwanza, akaona kama mengine yametulia mahali pake.