Fahamu: Uniti za LUKU huishia wapi?

Anayezima taa kila atokapo chumbani huku akichemsha maji ya kuoga kwa hita anaokoa senti na kupoteza shilingi. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa saa 5 kila siku hula uniti 1.35 kwa mwezi. Hita ya wati 1,500 ikitumika nusu saa tu kwa siku hula uniti 22.5. Kwa bei ya T1 ya TANESCO (kundi la matumizi ya kawaida), shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hita hiyo peke yake ni shilingi 6,570. Kubana matumizi kuanzie kwenye vitu vya joto: hita, birika, pasi.

Wapo watakaosema tatizo ni makato, si matumizi. Wana hoja: VAT ni asilimia 18, tozo ya REA 3, ya EWURA 1, na kodi ya jengo hukatwa humo humo (mpangaji, deni hilo ni la mwenye nyumba, umdai). Lakini makato ya asilimia hushuka matumizi yakishuka. Tena kwa mteja wa D1 (kundi la matumizi madogo ya nyumbani), uniti 75 za kwanza kwa mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo 350, ghali kuliko hata T1. Kununua kidogo kidogo hakumwokoi, maana kinachohesabiwa ni jumla ya mwezi. Kama uko D1, jumlisha uniti zako kila unaponunua, na usivuke 75.