Nyoka wa rangi adimu: bei iko kwenye nasaba, si kwenye ngozi

KIGALI - Katika maduka ya spea ya Biryogo, jina la kifaa halitoshi kufanya biashara. Fundi mmoja atakiita hivi na mwingine vile, lakini namba ya kifaa ndiyo inayosema kama kitaingia kwenye gari. Biashara ya kimataifa ya nyoka wa kufugwa wenye rangi adimu inafuata kanuni hiyo hiyo: jina ni la soko, bei inatokana na jeni. Mfanyabiashara au dereva anayeombwa kutafuta au kupakia nyoka wa aina hii ni vyema aijue tofauti hiyo mapema, kwa kuwa kosa lake linaweza kumgharimu mzigo, gari na hata kifungo.

Mzaliwa wa Afrika Mashariki

Mfano wa karibu ni Eryx colubrinus, nyoka mfupi, mnene, asiye na sumu, anayejifukia mchangani. Anapatikana Misri, Sudan na Pembe ya Afrika, hadi Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Porini huwa na mabaka ya kahawia nzito juu ya rangi ya machungwa au manjano.

Marekani na Ulaya amezalishwa vizimbani kwa vizazi vingi. Huko kuna wale wasio na rangi nyeusi, yaani albino, na kuna waliokosa rangi nyekundu na kubaki weusi na kijivu. Wanaobeba hali zote mbili huwa weupe na huuzwa kwa jina la "Snow", yaani theluji. Uko hata ukoo unaouzwa kwa jina la "Dodoma".

Rangi inavyorithiwa

Kila nyoka hupata nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni ya ualbino hujificha: haionekani mpaka nakala zote mbili ziwe na kasoro. Mwenye nakala moja anaonekana wa kawaida, ila ameibeba.

Wabebaji wawili wakizaa, kwa wastani robo ya watoto ni albino, nusu ni wabebaji na robo hawana kitu. Kwa macho, mbebaji na asiye na kitu hawatofautiki. Ndiyo maana watoto hao wa kawaida huuzwa wakiitwa "asilimia 66", maana yake kila mmoja ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji. Kumpata "Snow" kwa wazazi wanaobeba jeni zote mbili ni vigumu zaidi: ni mtoto mmoja kati ya 16.

Kwa hiyo mnunuzi halipii ngozi peke yake. Analipia daftari la mfugaji linaloonyesha nani alizaliwa na nani.

Nani anatoa majina?

Hakuna ofisi inayosajili majina hayo. Kwa desturi, anayethibitisha kwamba rangi inarithiwa ndiye anayeipa jina. Matokeo yake, jina moja la jumla linaweza kuficha jeni mbili. Boa wa Amerika wana koo za albino ziitwazo Kahl na Sharp. Wote ni albino, lakini wakipandishwa wao kwa wao, watoto huwa wa kawaida, kwa sababu kasoro zao ziko kwenye jeni tofauti. Asiyejua hilo atapoteza mtaji.

Bei nayo haikai. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, alizalishwa albino kwa mara ya kwanza mwaka 1992 na mfugaji Bob Clark wa Marekani. Mwanzoni albino mmoja aliuzwa maelfu ya dola. Baadaye bei ikashuka hadi mamia, kwani kila mteja aligeuka mfugaji na mshindani.

Kibali hakisomi jina la soko

Boa na chatu wote wako chini ya mkataba wa CITES, wengi wao katika Kiambatisho cha Pili. Kenya ilijiunga mwaka 1978, Tanzania 1979, Rwanda 1980 na Uganda 1991. Kibali cha kusafirisha hutaja jina la kisayansi, idadi na herufi ya asili: W ni wa porini, C ni aliyezalishwa kizimbani, F ni aliyezaliwa kizimbani bila kutimiza masharti yote ya C. Kuandika C kwa nyoka aliyekamatwa porini ni udanganyifu.

Soko huria la Afrika Mashariki haliondoi sharti hilo, iwe mzigo unapita Rusumo au Gatuna. Aidha, mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2022 ruhusa ya muda ilitangazwa, ikasitishwa ndani ya siku chache.

Hesabu yenyewe, basi, iko wazi. Nyoka wa porini asiye na nasaba hana bei inayotajwa kwenye picha za simu, hata akiwa na rangi ya kupendeza, na bila kibali yeye ni ushahidi wa kosa. Dereva anayekabidhiwa boksi lenye matundu ya hewa aombe kwanza kibali halisi, alinganishe jina la kisayansi, idadi na herufi, ndipo apakie. Mteja akikosa karatasi hiyo, boksi libaki kwake.