Neno "soka" halikutoka Marekani

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, mashabiki wengi huwacheka Wamarekani kwa kuuita mpira wa miguu "soccer", kana kwamba wameuharibia jina. Tunawaonea. Neno hilo ni la Waingereza wenyewe, na lilitokana na ugomvi wa sheria za mchezo.

Kabla ya 1863 kila shule kubwa ya Uingereza ilikuwa na mpira wake. Eton walicheza hivi, Harrow vile, na kwenye shule ya Rugby mchezaji aliruhusiwa kuukumbatia mpira na kukimbia nao. Vijana hao walipomaliza masomo, hawakuweza kucheza pamoja bila kugombana. Ndipo Oktoba 26, 1863, wajumbe wa klabu za London na vitongoji vyake wakakutana katika baa ya Freemasons' Tavern na kuunda Football Association.

Vikao viliendelea hadi Desemba, vikakwama kwenye mambo mawili: kukimbia na mpira mikononi, na kumpiga mpinzani teke la ugoko. Hilo la pili lilikuwa na watetezi wakali. Mjumbe wa klabu ya Blackheath, Francis Maule Campbell, alishikilia kwamba kuliondoa teke hilo ni kuunyima mchezo ujasiri wake. Wengi hawakukubali, na Blackheath ikajitoa. Mwaka 1871 klabu hiyo ikawa miongoni mwa waasisi wa chama cha raga, na sheria za kwanza za chama hicho nazo zikapiga marufuku teke la ugoko! Lakini mikono ilibaki, na mikono ndiyo iliyotenganisha michezo hiyo moja kwa moja.

Kwa hiyo Uingereza ikawa na "rugby football" na "association football". Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kuyapachika "-er" mwishoni: mchezo mmoja wakauita "rugger", mwingine "soccer", kutokana na silabi ya "association". Waingereza walilitumia neno hilo kwa miongo mingi bila kuona aibu. Matt Busby, aliyeipa Manchester United Kombe la Ulaya mwaka 1968, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1973 kwa jina "Soccer at the Top".

Kwingineko, jina la "football" lilichukuliwa na mchezo uliowahi kuwateka watu. Melbourne iliandika sheria zake mwaka 1859, miaka minne kabla ya kikao cha London, na mpira wa Kiaustralia umeota mizizi huko hadi leo. Waayalandi walianzisha chama chao cha michezo ya asili, ukiwemo mpira wao wenyewe, mwaka 1884. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilicheza na kile cha McGill cha Kanada mwaka 1874 na kuvutiwa na mpira wa aina ya raga. Kuanzia 1880 Walter Camp akaubadilishia sheria hatua kwa hatua, na mwaka 1906 kuurusha mpira mbele kwa mkono kukahalalishwa. Hapo ulikuwa mchezo mwingine kabisa, lakini jina ulishalishika. Mpira wa London ulihitaji jina jingine, na neno la Oxford lilikuwa tayari. Hata Afrika Kusini, yenye raga iliyokomaa, fainali ya Kombe la Dunia ya 2010 ilichezwa kwenye uwanja unaojulikana kama Soccer City.

Afrika Mashariki hakuna mpira mwingine uliogombea jina. Ndiyo maana tunasema soka, kandanda, kabumbu au mpira tu, na kila mtu anaelewa. Watangazaji wetu wasikubali kusahihishwa na anayedai kwamba "soka" ni Umarekani. Hata FIFA, iliyoundwa Paris mwaka 1904, hadi leo ina neno "Association" katika jina lake kamili.